Wifi Alivizika Vibanio Vyangu Kwenye Saruji

Jamani, mnisome taratibu. Hii sijawahi kumsimulia mtu mwanzo mpaka mwisho.

Nilirudi kutoka sokoni saa nne asubuhi, nikakuta ukuta wa chumba changu cha kazi mtupu.

Vibanio hakuna. Vitana hakuna. Hereni, vikuku, pini za nywele... hata kimoja!

Uani, wifi yangu alikuwa amechuchumaa kando ya ndoo, saruji imempanda hadi kwenye viwiko.

Nikasogea. Jino moja la kitana cha shaba lilikuwa limechomoza. Akalisukuma chini kwa kidole, mimi natazama.

"Vyote?" nikamuuliza.

"Vyote, wifi."

Sikumrukia. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango na vitunguu vyangu mkononi, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Miaka tisa hiyo. Kazi yangu ni kuchanganya shaba nyekundu, shaba njano na fedha kwenye pambo moja. Vingine nilivikusanya kwa mafundi wenzangu, kimoja kimoja, na sikuwahi kuviuza. Mume wangu ndiye aliyenitafutia wateja, na ndiye aliyeniletea lehemu ya kuunganishia. Dirisha nililifunga ili upepo usinizimie moto.

Mwaka huo wa tisa nikaanza kuchoka. Kichwa, tumbo. Vidole vikafa ganzi, naungua sijui mpaka nisikie harufu. Hata moyoni nikawa hivyo hivyo. Mtu akicheka, nacheka kwa kumfuatisha.

Nikapimwa damu. Mume wangu akafuata majibu, akarudi akasema ni uchovu tu. Nikaamini. Mume akikwambia u mzima, utabishana naye?

Wifi, mdogo wake, tulikuwa tukiishi naye. Mara tatu aliniomba niipumzishe ile kazi, kila mara akiniambia sura yangu imebadilika. Nikamwambia mume wangu kwamba dada yake ana kijicho. Hakunikatalia.

Sasa pale kwenye ngazi nikamwuliza wifi, kama alivichukia si angevitupa tu?

"Ningetupa, watu wangeokota wakavaa."

Akanawa mikono, akatoa karatasi mfukoni. Aliikuta kwenye begi la kaka yake akitafuta kadi ya kliniki ya binti yangu.

Yalikuwa majibu yangu. Damu yangu ilikuwa imejaa risasi. Si ya bunduki, ile metali nzito inayotiwa kwenye lehemu za bei rahisi. Chini daktari aliandika: aache kazi hiyo mara moja, na watoto wa nyumba hiyo wapimwe.

Tarehe ilikuwa ya miezi minne nyuma.

Ndugu zangu, binti yangu ana miaka mitano. Kila Jumapili alikaa miguuni pangu nikimsuka, pini zangu kazibana kwa midomo, ananipa moja moja. Na miezi hiyo alikuwa akilia tumbo, mimi nampa maji ya uvuguvugu.

"Jana nilimpeleka mtoto," wifi akasema. "Majibu yake ndiyo yaliyonifanya ninunue saruji."

"Kaka yako anajua?"

"Nilimwonyesha. Akasema tusubiri kwanza oda ya mapambo ya maharusi iishe."

Mume wangu aliporudi mchana alinikuta nakunja nguo za mtoto. Akaanza kumfokea dada yake kwa ajili ya ile ndoo. Nikamwekea karatasi mezani. Akaisoma. Kisha akasema kwamba hakuwa na nia mbaya, alijua tu nikiambiwa nitaacha, na jina langu ndiyo kwanza lilikuwa linapanda.

"Na mtoto?" nikamuuliza.

Akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni.

Mnajua nilihisi nini? Hakuna. Nilifunga zipu ya begi, nikatafuta kiatu cha pili cha mtoto, nikakipata chini ya kochi. Wifi akabeba begi lingine. Tukatoka.

Ni mwezi wa kumi na moja sasa tangu tutoke. Mtoto ametibiwa, kipimo chake kimeshuka, amerudi kusumbua watu kama zamani. Mimi naanza kusikia moto kwenye vidole. Machozi bado. Daktari aliniambia ganzi ya mikono itaisha, ile nyingine hakuniambia kitu.

Msinipe pole. Chukueni hili tu: majibu yako ya hospitali, kayachukue mwenyewe. Na mtu akikusihi uache unachokipenda, muulize kwa nini kabla hujamwita mwenye kijicho. Mimi nilimdharau aliyekuwa akinitazama, nikamwamini aliyekuwa akinitumia.

Watu huniuliza nawezaje kuishi na ndugu wa yule mwanamume. Huwa nawajibu hivi: yeye bado ni wifi yangu. Kaka yake ndiye ambaye si mume wangu tena.