Herufi za Lori la Asali

Kila alasiri, akitoka chuoni kusoma Kurani, Mwamvita aliketi barazani na baba yake, fundi Yahaya wa Chemchem mjini Tabora, akamshikia kibati cha rangi. Zama hizo za Mwingereza malori mengi yalikuwa yamechakaa. Vitufe vya kuvuta vilivyokuwa mbele ya dereva vilifanana kama mapacha: hiki cha taa, hiki cha choki ya kubania hewa, hiki cha kuwasha injini. Kilichovitenganisha ni herufi moja tu iliyochongwa usoni mwa kila kimoja. Rangi ya herufi ikifutika, dereva mgeni huvuta asichokitaka. Hapo ndipo Yahaya alipotafutwa.

"Kazi ni sindano," alizoea kumwambia binti yake. "Chokonoa uchafu wote ndani ya herufi, osha kwa mafuta ya taa, ndipo utie rangi yenye nta na kufuta juu. Ukipaka juu ya uchafu, itabanduka tu."

Mwaka ule kifua kilimbana Yahaya vibaya. Mzee Anton, aliyeendesha lori la asali kutoka Bukene, alipoleta vitufe vyake, fundi hakuweza hata kushika sindano. Akamwita Mwamvita pale mkekani alipolala.

"Mwanangu, leo fanya wewe. Umeshaijua."

Jamani, furaha aliyokuwa nayo! Lakini uchafu ulikuwa umeganda, sindano inateleza, na nje wenzake wanacheza rede, wanamwita kwa kelele. Akachokonoa kitufe kimoja. Vilivyobaki akavipaka vivyo hivyo, akafuta juu, vikang'aa. Nani angejua?

"Umechokonoa vyote?" baba aliuliza, akikigeuza kitufe kimoja mkononi mwake.

"Vyote, baba."

"Mashallah! Huu ndio mkono wa fundi," alisema huku akitabasamu. Mwamvita akakimbilia rede, lakini siku hiyo mchezo haukumnogea.

Mvua za kwanza hazijanyesha, Yahaya akafariki.

Siku ya maziko, jeneza lilipotolewa uani, Mabruki, mdogo wa marehemu, alisimama mbele ya watu kama ilivyo desturi.

"Ndugu zangu, kama yupo anayemdai marehemu, iwe fedha au kazi, aseme, tulichukue deni sisi. Au amsamehe."

Mwamvita alikuwa ndani pamoja na wanawake, akachungulia dirishani. Mzee Anton alisimama kando ya uzio, kofia mkononi, ameinamisha kichwa. Hakusema neno.

"Shangazi!" Mwamvita alimng'ang'ania shangazi yake Swaumu. "Mzee Anton anamdai baba! Anamdai na hasemi!" Akaangua kilio, naye Swaumu akambembeleza mpaka akaeleza yote.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, shangazi alimshika mkono, wakamfuata Anton penye lori lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Herufi za vitufe vyako zimebanduka?"

Mzee aliguna. "Zimebanduka, isipokuwa moja. Nilijua ni ugonjwa, mkono wa Yahaya umekwisha. Hata madereva wenzangu niliwaambia hivyo. Nimemsamehe."

"Usimsamehe! Hakukosa yeye! Nilifanya mimi, nikamdanganya kwamba nimechokonoa vyote. Akanisifu, mzee. Akafa ananisifu."

Anton alivaa kofia yake. Kisha akapanda lorini, akavifungua vitufe na kumpa.

Matanga yalipoondolewa, Mwamvita alishika sindano ya baba yake. Alichokonoa kila herufi mpaka vidole vikauma, akaosha, akatia rangi, akafuta. Wenzake walimwita, hakutoka. Anton alipovijia, alikwaruza herufi kwa ukucha. Rangi haikutoka.

"Nitawaambia madereva wote," alisema taratibu, "kwamba mkono wa Yahaya haukuwa umekwisha. Simdai tena."

Alipokwisha kwenda, Mwamvita alimgeukia shangazi yake. "Laiti ningemwambia baba."

"Ndiyo, mwanangu, na hilo huwezi tena," Swaumu alimjibu bila kumficha. "Uongo usiuweke moyoni ukingojea kesho, kwa maana uliyemdanganya anaweza kuondoka nao. Ulichobakiwa nacho ni jina la baba yako, nalo umelisafisha. Basi ulitunze kwa kazi ya kweli."

Mwamvita aliipangusa ile sindano, akaichomeka kwenye kitambaa cha kuihifadhia, akalia. Shangazi akamwacha alie.