Tope la Chini ya Bwawa

"Rudi ulikotoka, Taisto! Umemuua mbwa wangu, halafu unakuja kunipa pole?"

Bibi Helvi alikuwa ameziba lango lake kwa mwili mzima, mikono kiunoni. Ng'ambo ya barabara mapazia yalianza kuchezacheza.

"Mimi? Nimemuua kwa kitu gani?"

"Kwa samadi ya ng'ombe wako! Vilja alimpitisha Musti kwenye mfereji wako jana, akanywa. Asubuhi hii nimemzika nyuma ya bafu la mvuke."

"Helvi, samadi yangu haijaingia majini tangu ulipokuwa na meno yako yote."

Siku nyingine Helvi angecheka na kumrudishia utani mkubwa zaidi. Leo alisema tu: "Kuanzia sasa mimi na wewe hatujuani."

Mzee Taisto alivua kofia, akaivaa tena, akageuka kuondoka.

Vilja, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa kando na mama yake, Kaarina. Yeye ndiye aliyemtembeza Musti kila siku. Jana tangazo la hatari ya maji yenye sumu lilikuwepo kwenye gati la bwawa la kijiji, alilisoma. Lakini upepo ulikuwa umeusukumia upande wa pili utando wa kijani ulioelea juu ya maji, maji yakang'aa, na joto lilikuwa kali. Akamfungua mbwa kamba.

"Mzee Taisto, ngoja!" Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Hatukupita kwenye mfereji. Nilidanganya. Musti aliogelea bwawani. Alikunywa huko."

Helvi alimgeukia. Hakumgombeza, na hilo lilimuumiza Vilja kuliko kofi.

"Na ile sumu ya kijani," Helvi akauliza polepole, "imetoka wapi, kama si kwa huyu?"

"Kwenye tope, bibi," akajibu Kaarina, ambaye kazi yake ni kupima maji ya bwawa. "Kila tulichomwaga kilizama, kikalala chini. Kiangazi kikiwa cha joto, hewa inaisha kule chini, na tope linaachia rutuba yake yote. Mwani, ule utando wa kijani, unashiba, unafura, unatoa sumu. Kuna samadi ya zamani, ndiyo. Na sabuni zetu za unga."

"Sabuni gani?"

"Za mazulia. Tulikuwa tunafulia wapi?"

Kila kiangazi wanawake wa kijiji walitandaza mazulia yao ya matambara gatini, wakasugua, wakasengenya, wakalisukumia povu bwawani. Aliyeongoza kwa sauti na kwa mazulia alikuwa Helvi.

"Tulidhani linakwenda zake," akasema.

"Liende wapi? Bwawa halina pa kutokea maji."

Vilja alikuwa analia. Kaarina akamshika bega. "Huo uongo wako una siku moja tu, na tayari umekaribia kumnyima mzee huyu jirani yake. Kosa liseme likiwa bado juu, mwanangu. Ukiliacha lizame, siku litakapoibuka litamdhuru asiyehusika."

"Nisamehe, bibi."

"Musti harudi," Helvi akasema, akijifuta macho kwa aproni. "Nyumba imekuwa kimya mno." Kisha akasogea pembeni ya lango. "Taisto, vua hayo mabuti yako yanayonuka. Kaarina, pita. Na wewe mtoto, usisimame hapo kama kigingi. Viazi vipya viko mezani, na samaki. Ingieni tule."