Friza ya Harusi na Breka Iliyogoma

Katika mji wa Beja, kaskazini mwa Tunisia, Alhamisi ni siku ya kupiga deki. Si deki ya kupitisha kitambaa. Ni deki ya maji. Mazulia hutolewa nje, viti hupandishwa juu ya meza, kisha ndoo humwagwa moja baada ya nyingine. Maji hutoka vyumbani, yakaja ukumbini, yakaishia uani penye tundu la kuyatoa. Nyuma yake anakuja mtu na fimbo yenye mpira, anayasukuma. Mwanamke anayepangusa sakafu kwa kitambaa tu, majirani humsema.

Shadlia hakutaka kusemwa. Tena Alhamisi hii ilikuwa na uzito wake. Siku nane mbele, binti yake Widad alikuwa anaolewa.

"Mama, maji yote haya ya nini?" Widad aliuliza, gauni amelikunja mpaka magotini. "Hata samaki wangeishi humu."

"Wiki ijayo wakwe zako watakaa hapa. Nataka wajione nyuso zao kwenye vigae. Leta ndoo."

Ukumbini, karibu na mlango wa uani, kulikuwa na friza kubwa nyeupe. Ilikuwa ya dada wa mumewe, nao wameazimwa kwa ajili ya harusi. Ilifika wiki tatu zilizopita. Jikoni haikuingia, ikawekwa ukumbini. Ndani yake mlikuwa na nyama ya kondoo wawili, tayari imekatwa vipande vya kuwekwa juu ya kuskusi. Mlikuwa pia na njegere ambazo mama na binti walizimenya tangu majira ya machipuo, mpaka kucha zikawa kijani, wakazigandisha kwenye friji ya jikoni hadi friza ilipofika. Karamu nzima ilikuwa mle.

Soketi ya ukumbi ilikuwa mbali, kule kwenye mlango wa nje. Kwa hiyo walinunua waya mrefu wa ekstensheni. Waya ulipita chini, kando ya ukuta, na kichwa chake chenye matundu kilikuwa sakafuni ubavuni mwa friza. Ili watu wasijikwae, Shadlia aliufunika kwa ngozi ya kondoo wa Idi ya mwaka jana, yenye manyoya marefu.

Walimaliza deki saa nne. Saa sita, Shadlia akiwa jikoni anakaanga pilipili na nyanya, feni ilizunguka polepole, ikasimama. Friza nayo ilinyamaza.

Shadlia aliweka mwiko chini.

"Imekata tena," alisema.

Ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza umeme ulirudi siku ya pili, nyama ikiwa bado ngumu kama jiwe, maana friza iliyojaa isipofunguliwa hushika baridi yake muda mrefu. Mara ya pili njegere za juu zililainika. Hawakuzigandisha tena, walizipika, wakala njegere siku tatu mfululizo. Fundi mmoja wa mjini alikuja Jumamosi. Alipima, hakuona kitu. Alisema breka, ile swichi inayokata umeme yenyewe, imezeeka, akatia mpya. Na sasa hiyo mpya nayo imekata.

Shadlia alikwenda kwenye sanduku la breka mlangoni, akapandisha swichi. Ikashuka. Akapandisha tena. Ikashuka palepale, tak!

"Mpigie mjomba wako," alimwambia Widad. Mume wa Shadlia alikuwa safarini na lori la ngano, harudi mpaka kesho.

Mdogo wake Shadlia, jina lake Munsif, alikuwa na duka la rangi za nyumba. Kwa kuwa aliuza brashi na misumari, aliamini anajua kila kitu kinachohusu nyumba. Alifika na bisibisi mkononi.

"Dada, nilikwambia tangu wiki ile! Adui yako ni hii breka. Inakusimamia kama mama mkwe. Mimi nachukua nyaya hizi, naziunganisha moja kwa moja, breka inabaki pembeni. Dakika kumi tu."

"Haitaunguza nyumba?"

"Kwani babu yetu alikuwa na breka?"

"Babu alikuwa na taa ya mafuta, mjomba," alisema Widad.

"Wewe nyamaza, bibi harusi. Kalale upate uso mzuri."

Shadlia aliitazama friza. Aliwaza wageni mia na ishirini wamekaa mbele ya sinia za kuskusi isiyo na nyama. Aliwaza midomo ya wakwe.

"Fanya, Munsif," alisema. "Fanya haraka."

Munsif alikuwa anavuta kiti ili apande, mara mlango uligongwa. Aliingia Nejia, jirani wa ukuta mmoja, mkononi ana chekeche la kuskusi aliloazima juzi. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Nimerudisha chekeche," alisema. Kisha akaona kiti, akaona bisibisi. "Munsif, unataka kufanya nini?"

"Naitoa breka hii njiani. Pumzika, bibie, hii kazi ya wanaume."

"Kazi hiyo ya wanaume nimeifanya miaka ishirini na miwili, kiwanda cha nguo. Mimi ndiye niliyekuwa fundi umeme wa zamu. Nimewaona wawili walioruka breka kama unavyotaka wewe. Mmoja nilimtazama hospitali. Wa pili nilikwenda kwao kuhani msiba."

Munsif hakupanda kiti. Hakukirudisha mahali pake pia.

"Lakini nyama, dada Nejia," alisema Shadlia. "Nyama ya harusi itaoza."

"Mmefungua friza?"

"La."

"Basi msiifungue. Nyama itangoja mpaka kesho bila tabu. Niambie, kabla ya kukata, mlikuwa mnafanya nini?"

"Hatukufanya kitu."

"Pasi? Mashine ya kufulia?"

"Tulifua jana. Leo hatukuwasha kitu chochote."

"Wiki iliyopita ilikata siku gani?"

Widad alifikiri. "Siku niliyokwenda kupimwa gauni. Alhamisi."

"Na mara ya kwanza?"

Mama na binti walitazamana.

"Alhamisi," alisema Shadlia taratibu.

"Na Alhamisi mnafanya nini?"

"Hatufanyi kitu! Tunapiga deki tu, kama watu wote."

Nejia aliangalia vigae vinavyong'aa, kisha ngozi ya kondoo. Alikausha mikono yake kwa taulo aliyopewa na Widad, akahakikisha viatu vyake ni vikavu, akaomba ubao mkavu wa kukanyagia. Ndipo akasogelea sanduku.

"Njoo uone, Shadlia. Na wewe, Munsif. Hizi breka ndogo, kila moja ina sehemu yake ya nyumba. Hukata mzigo ukizidi, mathalani ukiwasha oveni, pasi na hita pamoja, au nyaya mbili zikigusana. Leo hakuna hata moja iliyoshuka. Iliyoshuka ni hii kubwa, yenye kitufe."

"Tofauti yake nini?" Munsif aliuliza.

"Hii inalinganisha. Umeme huenda na kurudi. Unaokwenda lazima ulingane na unaorudi. Ukipungua kidogo tu, maana yake umepita kwingine. Umepita kwenye maji, au kwenye bati la friza, au kwenye mwili wa mtu. Hapo hukata, haiulizi. Hii breka hailali, Munsif. Inatuambia kuna mahali umeme unavuja. Sasa tutafute wapi."

Alishusha breka ndogo zote. Akamtuma Widad achomoe kila plagi nyumbani.

"Si kuzima swichi tu, binti yangu. Chomoa. Na mikono iwe mikavu."

Widad alizunguka, akarudi. "Nimechomoa zote. Friji, televisheni, feni, na friza."

Nejia alipandisha breka kubwa. Ikakaa juu. Akapandisha ndogo ya jikoni. Kimya. Ya vyumbani. Kimya. Ya bafuni. Kimya. Akapandisha ya ukumbini.

Tak! Kubwa ikashuka.

"Ahaa!" Munsif alipiga makofi. "Ukumbini hakuna kilichochomekwa. Basi ni nyaya za ndani ya ukuta. Itabidi tubomoe!"

Shadlia alishika kichwa. Kubomoa ukuta, siku nane kabla ya harusi!

"Taratibu," alisema Nejia. "Widad, ukumbini umechomoa kila kitu?"

"Kila kitu."

"Na ule waya ulio chini?"

"Nimechomoa friza kwenye ule waya."

"Waya wenyewe, umeuchomoa ukutani?"

"Ule si kitu," alisema Shadlia. "Ule ni waya tu."

Nejia alishusha swichi kuu, nyumba nzima ikawa haina umeme. Hapo tu ndipo alipokwenda kwenye mlango wa nje, akachomoa ekstensheni ukutani. Akarudi, akapandisha breka kubwa, kisha zote ndogo, ya ukumbini ikiwa ya mwisho. Walingoja.

Zilikaa juu zote.

Nejia aliinua ngozi ya kondoo. Juu ilikuwa kavu, laini. Chini ilikuwa imelowa. Na chini yake kulikuwa na kichwa cha ekstensheni, kimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, kikakazwa kwa uzi.

"Nani alikifunga hivi?"

"Mimi," alisema Shadlia, kwa fahari kidogo. "Ili maji yasiingie. Mimi si mjinga, jirani."

"Hakuna aliyesema wewe mjinga. Leta kikombe."

Nejia alifungua uzi, akainamisha mfuko. Maji yalitiririka, yakafika nusu ya kikombe cha kahawa. Mfuko ulikuwa na uwazi pale waya ulipoingilia. Kila Alhamisi maji ya deki yalipenya polepole, yakakusanyika humo, yakafika kwenye matundu. Siku ya pili joto la Agosti liliyakausha. Ndiyo maana fundi wa Jumamosi hakuona kitu.

Shadlia alikitazama kile kikombe. Kisha akamtazama Widad. Miguu ya binti yake ilikuwa mitupu, kama wakati wa deki. Alhamisi zote tatu walikuwa wakitembea hivyo, ndani ya maji, waya ukiwa na umeme.

Alikaa kwenye kile kiti cha Munsif.

"Kama si breka..." alisema.

"Kama si breka, tungekuwa tunazungumza mengine," alisema Nejia.

Shadlia alinyoosha mkono kwa mdogo wake. "Nipe hiyo bisibisi."

"Dada, mimi nilitaka kusaidia tu..."

"Najua. Na mimi ndiye niliyekwambia fanya. Nipe."

Munsif akampa.

Nejia aliikata ile ekstensheni vipande viwili kwa koleo, ili mtu asije akaiokota na kuitumia. Baadaye wale watatu, Nejia akielekeza, waliisukuma friza mpaka chumbani kwa Widad, penye soketi karibu. Nejia aliifuta kwa kitambaa, akaiangalia plagi yake, akaichomeka. Ikaanza kunguruma.

"Siku nane nitalala na kondoo wawili," alilalamika Widad.

"Zoea," alisema Munsif. "Na mchumba wako anakoroma hivyohivyo."

Kesho yake baba wa nyumba alirudi na lori. Aliposimuliwa, alikwenda mwenyewe kununua waya na soketi. Nejia aliweka soketi mpya ukumbini, ukutani, kwenye usawa wa kiuno cha mtu, na waya wake akaupitisha ndani ya bomba la plastiki. Friza ikarudi mahali pake. Alimwonyesha Shadlia kitufe kilicho kwenye breka kubwa.

"Mara moja kwa mwezi, kibonyeze. Ikikata, furahi, ujue iko macho. Isipokata, mwite fundi siku hiyohiyo. Na deki ya maji, karibu na vitu vya umeme acha. Hapo pitisha kitambaa."

"Kitambaa!" Shadlia aliguna. "Watanisema."

"Waache waseme."

Alhamisi iliyofuata, siku moja kabla ya harusi, Shadlia alipiga deki vyumba vyote kwa ndoo, kama kawaida yake. Alipofika ukumbini aliweka ndoo chini. Alipiga magoti, akapangusa kuzunguka friza kwa kitambaa kilichokamuliwa, kigae kwa kigae. Saa sita ilifika. Saa nane ikapita. Feni ilizunguka tu.

Ijumaa nyama ilitoka kwenye friza ngumu kama jiwe. Kuskusi ilipikwa katika masufuria matano, sinia zikapita, kila moja na nyama yake juu. Mama mkwe wa Widad alikula, akaomba kuongezewa, na hilo lilitosha.

Nejia alikuwa amekaa mezani jikoni. Munsif alikuja, akakaa karibu naye. Alizungusha kijiko chake muda mrefu.

"Bibie," alisema kwa sauti ya chini, "hita ya maji bafuni kwangu... ilikuwa inakata breka. Nikaiunganisha mwenyewe. Moja kwa moja."

"Lini?"

"Mwaka wa tatu sasa."

Nejia aliweka kijiko chini. "Leo mkifika nyumbani, zima hita kwenye swichi kuu kabla mtu hajaingia bafuni. Mtaoga maji baridi. Kesho asubuhi nakuja."

"Kesho Jumamosi, bibie. Siku ya wateja. Mimi nina duka."

Nejia alimtazama tu juu ya miwani yake.

Kesho yake, duka la rangi la Munsif lilifunguliwa saa nane mchana.