Glavu za Mwalimu Batuli

Nyumbani kwa Bi Mwanasha, Kilwa Masoko, asubuhi huanza na sindano. Mama na binti yake Batuli hukaa barazani mapema, kabla jua halijawa kali, wakishona kofia. Mama huchora maua kwa penseli. Macho yake yamechoka, kwa hiyo vitundu vidogo hushonwa na Batuli. Kofia moja ina vitundu mamia, na kila kimoja ni kidogo kuliko punje ya mtama. Saa moja ikikaribia, Batuli huweka sindano na kwenda shuleni. Yeye ni mwalimu wa darasa la tatu.

Mabwana harusi wengi wa Masoko wameoa wakiwa na kofia za Batuli kichwani. Mwenyewe hajisifu. Mama yake ndiye anayemsifia, tena bila kuombwa.

Mwaka 1996 ilikuja barua shuleni. Walimu wanawake, mmoja kutoka kila mkoa, wangepanda Mlima Kilimanjaro ili kuhimiza wasichana wabaki shuleni. Kutoka Lindi alichaguliwa Batuli. Barua ilisema kwamba makoti na viatu wataazimwa Moshi. Glavu, kila mmoja aje na zake.

"Glavu ndiyo nini?" aliuliza Bi Mwanasha.

"Ni kama soksi, mama. Ila zinavaliwa mikononi. Kule juu kuna barafu."

Mama aliacha kuchora. "Mlima ule ule uliomla Fakihi vidole?"

Fakihi ni jirani yao. Miaka sita nyuma alikwenda Moshi kutafuta maisha, akawa mpagazi wa kubeba mizigo ya watalii. Alirudi Kilwa bila ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Watu walipomwuliza, alijibu neno moja tu: "Baridi." Basi mtaani ikajulikana kwamba mlima ule unakula vidole, na hakuna dawa.

"Mwanangu," alisema Bi Mwanasha, "sikukatazi kusafiri. Lakini vidole vyako ndiyo macho yangu. Sikupi radhi mpaka nijue vitarudi vyote kumi."

Batuli alikuwa na miaka ishirini na saba, na alikuwa na mshahara wake. Angeweza kwenda tu. Lakini kuondoka bila radhi ya mama! Hilo hakuliwaza hata kidogo.

Jumamosi alikwenda Nangurukuru, pale njia panda. Siku hizo mitumba ilikuwa imefurika. Biashara ilikuwa huru, na kila mwenye turubai alimwaga rundo lake chini. Palikuwa na makoti ya Ulaya yanayouzwa kwa watu wanaotoka jasho, na wateja hawakukosekana. Katika rundo moja Batuli alipata glavu nyeupe za pamba, nene na laini. Alizivaa. Zilimbana vizuri, zikamkaa mkononi kama zimeshonwa kwa ajili yake.

"Ndizo zenyewe hizo, dada!" alisema mchuuzi.

Batuli alisimama nazo juani. Punde viganja vilianza kutoka jasho. Alifurahi sana. Aliona kwamba glavu inayomtoa mtu jasho hapa, kule kwenye baridi itakuwa na joto la kutosha. Sisi watu wa pwani ndivyo tunavyopima nguo ya baridi. Tunaipima kwa jua, kwa sababu ndilo tulilo nalo.

Alipofika nyumbani, mama naye alizivaa. Akatoka jasho. Uso wake ukalegea kidogo.

Jioni ile Fakihi alipita kuwaletea samaki. Siku hizo alikuwa akifanya kazi kwa tajiri mmoja wa samaki na pweza, aliyeleta barafu kwa lori kutoka Dar es Salaam.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone glavu za mwenzio."

Fakihi alizipokea. Alizigeuza nje ndani, ndani nje.

"Umezijaribu wapi?" aliuliza.

"Juani," alijibu Batuli.

"Kesho asubuhi njoo kwenye banda letu la samaki. Mama, nawe njoo."

Kesho yake walimkuta Fakihi amesimama kando ya kasha kubwa la barafu. Batuli alivaa glavu zake.

"Zilowanishe kwanza," alisema Fakihi.

"Nizilowanishe? Mimi naenda mlimani, siendi kufua."

"Kabla ya kufika kwenye barafu kuna msitu. Msituni mvua haina msimu. Na baada ya msitu kuna ukungu. Utalowa, dada. Lowanisha."

Batuli alizichovya katika ndoo, kisha akatia mikono ndani ya barafu. Mwanzoni alicheka. Halafu vidole vilianza kuuma. Halafu maumivu yakaanza kupungua.

"Sasa afadhali, haviumi tena," alisema.

"Hapo ndipo penyewe pa hatari," alisema Fakihi. "Toa mikono upesi. Vua glavu. Funga kifungo hicho cha mkono wa blauzi."

Batuli alijaribu. Vidole havikumtii. Kifungo kilimponyoka mara tatu. Vidole vile vilivyoshona vitundu mamia vilishindwa na kifungo kimoja. Aliogopa, na mama yake aliona kwamba ameogopa.

"Tia mikono kwapani," alisema Fakihi. "Usiisugue. Iache ipate joto lenyewe."

"Basi!" alisema Bi Mwanasha. "Imetosha. Haendi mtu. Waambie wachague mwingine."

"Mama, subiri," alisema Fakihi. Alivuta ndoo, akaigeuza, akakaa. "Nina neno ambalo sijamwambia mtu hapa Kilwa. Mnadhani mlima uliniumiza kwa sababu sikuwa na glavu. Nilikuwa nazo."

"Ulikuwa nazo?" aliuliza Batuli.

"Za pamba, kama hizi. Nilizichagua mwenyewe, nikaringa nazo. Zikalowa msituni siku ya kwanza. Wenzangu wenyeji waliniambia, 'Zivue, tukuazime nyingine.' Nikaona haya. Nikajifanya mwanamume. Siku ya tatu vidole vikaacha kuuma, nikashukuru. Jioni nikavipasha kwenye jiko la mafuta. Sikusikia moto. Nilisikia harufu."

Bi Mwanasha alifunika mdomo kwa upande wa kanga.

"Kwa hiyo si mlima uliokula vidole vyangu," alisema Fakihi. "Ni pamba mbichi, na ni haya. Nilirudi huku nikasema 'baridi', kwa sababu baridi haina wa kuilaumu. Naumia ninaposikia mtu ananihurumia."

Bi Mwanasha alishusha kanga. "Sasa nieleze, mwanangu," alisema. "Glavu gani zinafaa?"

"Jozi mbili kwa mara moja, mama. Ya ndani iwe ya sufu. Sufu ikilowa, bado inabaki na joto kiasi. Pamba ikilowa inakaa na maji, na maji yale yanaondoka na joto la mkono. Ya nje iwe ya kuzuia maji na upepo tu. Ile isiyo na vidole, yenye mfuko mmoja na dole gumba pembeni, ndiyo nzuri zaidi. Vidole vikikaa pamoja vinapashana joto."

"Na hizi zinavyonikaa vizuri?" aliuliza Batuli.

"Zinakubana. Damu ndiyo inayopeleka joto kwenye kidole, na glavu ikibana damu haifiki. Ukishavaa zote mbili, ukunje ngumi. Ikikunjika bila kuvuta, sawa. Tena uwe na jozi nyingine kavu ya sufu, uifunge ndani ya mfuko wa nailoni, uiweke katikati ya nguo zako. Usiiguse mpaka ya kwanza ilowe."

Jumamosi iliyofuata walikwenda Nangurukuru watatu. Glavu za sufu walizipata mapema, jozi mbili. Moja ilikuwa ya kijani na moja ya rangi ya tope. Kazi ilikuwa kwenye zile za nje. Fakihi aliomba maji kwa mama ntilie, akamimina ndani ya glavu na kuining'iniza.

"Jamani, mnaniharibia biashara!" alilalamika mchuuzi.

Jozi ya kwanza ilivuja mishononi. Ya pili nayo ilivuja. Ya tatu Bi Mwanasha aliichukua kabla haijatiwa maji. Aliigeuza, akapitisha kidole polepole juu ya mshono.

"Hii wameziba tundu za sindano kwa ndani," alisema. "Wameubandikia mshono utepe mwembamba. Aliyeshona hii anajua kazi."

Fakihi alimimina maji. Wakasubiri. Halikudondoka hata tone.

"Mama, nilikuwa nakufundisha," alisema Fakihi, "kumbe fundi ni wewe."

Walirudi bandani wakajaribu tena. Batuli alivaa sufu, akavaa na ile ya nje juu yake. Akazimwagia maji, akatia mikono ndani ya barafu. Walihesabu dakika kumi kwa saa ya Fakihi. Batuli alitoa mikono, akavua glavu, na kifungo kikafungwa mara ya kwanza. Bi Mwanasha hakuridhika. Alizivaa mwenyewe, akazamisha mikono yake ndani ya kasha katikati ya pweza, na wabeba samaki wakasimama kumtazama bibi wa watu.

"Nenda," alimwambia binti yake mikono ikiwa bado ndani. "Radhi zangu unazo."

Usiku huo alizishonea glavu kamba ya kuning'iniza shingoni, ili upepo usizichukue.

Batuli alirudi baada ya wiki tatu. Bi Mwanasha hakumwuliza kama alifika kileleni. Alimkamata mikono mlangoni na kuitazama, kidole baada ya kidole. Kisha akalia kidogo, akasema ni moshi wa jikoni.

Fakihi alikuja mchana. Batuli aliwasimulia wote wawili.

"Mvua ilitupiga msituni siku mbili. Glavu za kijani zililowa kwa jasho langu, nikavaa zile kavu. Siku ya nne, mwenzangu Debora, mwalimu wa Tabora, aliniambia, 'Batuli, namshukuru Mungu, vidole vimeacha kuuma.' Nikashtuka. Glavu zake zilikuwa za pamba, mbichi. Akataka kwenda kuvipasha motoni. Nikamzuia. Nikamtia mikono kwapani mwangu, chini ya koti. Tulikaa hivyo mpaka akaanza kupiga kelele za maumivu."

"Alipiga kelele?" Fakihi aliuliza. "Kelele kabisa?"

"Kabisa. Nikajua vimerudi. Nikampa zile za kijani, nilizokuwa nimezikausha kwa joto la mwili. Tulifika juu pamoja. Akaniuliza, mtu wa pwani wewe, haya umejifunzia wapi? Nikamwambia nina jirani. Nikamwambia na ulilokosea. Nisamehe, kaka Fakihi."

Fakihi aliuliza tena. "Vidole vyake vizima?"

"Vyote. Anashika chaki."

"Kuna vijana wawili wa Pande," alisema Fakihi taratibu. "Mwezi ujao wanakwenda Moshi kubeba mizigo. Walinifuata, wakaniuliza habari za huko. Niliwaambia kuna baridi, basi. Kesho nitakwenda Pande nikawaambie vizuri."

Batuli aliingia ndani, akatoka na glavu zote, akampa.

"Kesho ya nini?" alisema Bi Mwanasha. "Gari la Pande linaondoka saa nane."

Fakihi aliinuka, akazitia glavu mfukoni, akaenda.