Dakika Arobaini za Uongo

Kila siku nikitoka shule nilikuwa nabadilisha sare, nakula, naosha sahani yangu, halafu navuka ua kwenda chumbani kwa Shangazi. Ilikuwa kazi yangu, na nilijivunia kuliko hata cheo cha kiranja. Shangazi alifundisha hesabu miaka mingi kabla ya kuajiriwa na kituo cha elimu ya masafa, yaani elimu inayomfuata mtu nyumbani kwake. Wakati huo alikuwa anaandika kozi ya hesabu za fedha, masomo kumi na mawili, kwa ajili ya watu wazima wasio na nafasi ya kukaa darasani: madereva, walinzi, wauza duka, mafundi. Kila mmoja angejisomea kijitabu kwa mwendo wake, awe sungura au kobe, kisha apeleke mazoezi kituoni yasahihishwe.

Shangazi anaandika, mimi najaribu. Utaratibu wenyewe ulikuwa mgumu kuliko unavyosikika. Ananiwekea kurasa mezani, penseli, kalamu nyekundu na saa, halafu anakaa kwenye kona yake kama vile hayupo. Ruhusa ya kumuuliza kitu sina. Alisema msomaji wa mbali hana mwalimu wa kumvuta nguo, kwa hiyo na mimi nisimvute. Nikikwama, nichore duara jekundu pale nilipokwama, basi. Nikimaliza, niandike dakika nilizotumia.

"Sikukuita hapa kwa sababu unajua," aliniambia siku ya kwanza. "Nimekuita ukwame. Kila duara utakalochora ni shimo nitakaloliziba kabla mtu hajatumbukia."

Niliitikia ndiyo, Shangazi, lakini maneno yale yaliingia sikio hili yakatokea lile. Mimi nikwame? Shuleni wananiita Kikokotoo. Mwalimu akitaka jibu la haraka hatafuti hata mkono ulionyooshwa, ananitazama mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na kichwa kimenivimba hata kofia haiingii.

Masomo matatu ya kwanza yalikwenda kama maji. La pili lilihusu biashara: faida ni kile anachopata mwenye biashara kutoka kwa mteja, juu ya gharama zake. Rahisi. Kisha likaja somo la nne, la benki. Siku hiyo Shangazi aliitwa kituoni ghafla, akaniacha peke yangu na saa yake. Mfano wa kwanza ulisema hivi: mteja ameweka laki mbili benki kwa mwaka mmoja, faida ni asilimia tano. Mwisho wa mwaka atakuwa na kiasi gani?

Nikawaza. Benki ni biashara. Aliyeweka fedha ni mteja. Na somo la pili limeshasema kwamba faida ni ya mwenye biashara, tena inatoka kwa mteja. Basi benki inachukua elfu kumi yake, mteja anabaki na laki moja na elfu tisini. Nikaandika hivyo, nikafungua nyuma penye majibu, maana kujisahihisha kuliruhusiwa. Jibu: laki mbili na elfu kumi.

Nikarudia. Ikatoka ile ile. Nikasoma maelezo neno kwa neno mpaka nikahisi maneno yenyewe yananizomea. Nikaokota kalamu nyekundu, na hapo hapo kaka yangu akapita dirishani, akachungulia, akauliza kwa utani kama kikokotoo kimeishiwa betri. Hakungoja hata jibu, akaenda zake. Lakini mimi nilikuwa nimeshaiweka kalamu chini.

Mpaka leo nikikumbuka naona haya. Hakuna aliyenilazimisha. Nilifuta jibu langu, nikanakili la nyuma ya kijitabu, nikatunga na njia ya kulifikia ili pasiwe na mtu wa kushuku. Kwa saa ya Shangazi nilikuwa nimehangaika saa moja na nusu nzima. Nikaandika dakika arobaini.

Shangazi aliporudi alipitia kurasa zangu mbele na nyuma.

"Hakuna duara hata moja?"

"Hakuna, Shangazi. Limenyooka."

Akafurahi sana. Akasema somo hilo ndilo lililomnyima usingizi kuliko yote, kumbe ameliandika vizuri. Nikamrudishia saa yake, nikatoka. Tena asiyeelewa la nne ataelewaje la tano? Likaja la tano nikanakili, likaja la sita nikanakili, dakika thelathini na tano hapa, hamsini pale, na Shangazi amekaa palepale konani kwake ananiamini.

Vijitabu vya masomo sita ya kwanza vikachapwa, na watu thelathini wakajiandikisha kuanza. Juu ya kila somo Shangazi alikuwa ameweka mstari mmoja. Ule wa somo la nne ulisema: Somo hili limejaribiwa na mwanafunzi wa miaka kumi na mitatu. Muda: dakika arobaini. Alinionyesha akidhani atanifurahisha. Nikacheka, kicheko cha meno tu.

Miezi miwili ikapita. Siku moja mama akaitazama sketi yangu ya shule, akasema miguu yangu imeanza kuikimbia, akanituma kwa Mama Pindo. Huyo ni fundi wa nguo mtaani kwetu, na jina hilo alipewa kwa sababu kila sare anayoshona huiachia pindo pana, mtoto akirefuka lifunguliwe. Chumba chake kina cherehani moja karibu na dirisha, meza ya kukatia, pasi, na vipande vya vitambaa hadi chini ya kiti. Alikuwa ameshona kwa kuinama miaka kumi na minane na mgongo ulishaanza kulalamika. Kiwanda cha sare kilichokuwa ng'ambo ya barabara kilitafuta msimamizi wa mafundi, nafasi ya kuanza mwisho wa mwaka, na sharti lao lilikuwa cheti cha hesabu za fedha. Ndiyo maana Mama Pindo alikuwa mmoja wa wale thelathini.

Alilifungua pindo, akalishona upya, akalipiga pasi. Kisha akatoa kijitabu chini ya mafungu ya vitambaa, akaniomba nimrudishie Shangazi na nimwambie kwamba yeye anasafiri, hataendelea tena na masomo. Nikamuuliza anasafiri kwenda wapi.

"Safari yangu ni kutoka kwenye cherehani hii mpaka kwenye ile pasi," akasema. "Mwambie hivyo hivyo tu, mwanangu, nisitirike." Akafungua somo la nne, akaweka kidole juu ya ule mstari. "Siku tisa niko hapa. Siku tisa, na huyu mtoto kamaliza kwa dakika arobaini. Nijidanganye nini na utu uzima huu? Hiki kichwa kimeumbwa kufungwa kitambaa."

Alicheka, lakini alicheka ameinamia cherehani ili nisimwone uso. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ukurasa. Alikuwa amefanya ule mfano wa kwanza kwa penseli, akafuta, akafanya tena, akafuta, mpaka karatasi imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Na kila mara alipata laki moja na elfu tisini. Jibu lake lilikuwa jibu langu.

Nilichukua kijitabu na sketi, nikaaga, nikatembea njia nzima natazama viatu vyangu. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi maradhi yangu nilikuwa nimeyaficha, na anayelia ni mtu mwingine.

Nilipofika nyumbani Shangazi aliniita kabla sijavua hata viatu. Alikuwa na barua mkononi. Kati ya watu thelathini, saba tu ndio walioleta mazoezi ya somo la nne. Mkuu wa kituo alikuwa ameandika kwamba watu wazima hesabu zimewashinda, kozi isimamishwe, na cheti kisitolewe kwa yeyote. Shangazi alikuwa amemjibu kwamba kosa si la wanafunzi wala si la somo, kwa sababu somo lilijaribiwa.

"Nimemwambia nina shahidi nyumbani," akasema.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumpa kijitabu na kile kisingizio cha safari, na pasingekuwa na mtu wa kujua, ila cheti cha Mama Pindo kingekuwa kimezikwa. Nikakiweka kijitabu mezani.

"Shangazi, sikulielewa."

"Lipi?"

"La nne. Na la tano na la sita. Nilinakili majibu."

Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Mwishowe akauliza zile dakika arobaini nilizitoa wapi, nikamwambia kichwani. Nilingoja aniulize kwa nini nilidanganya. Badala yake akanisukumia kalamu nyekundu na kuniambia nimwonyeshe nilipokwama. Nikachora duara moja tu, juu ya neno moja: faida.

Akalitazama. Akafungua somo la pili, akasoma, akarudi la nne. Kisha akaketi taratibu. Kumbe kwenye somo la pili neno hilo lilikuwa la mwenye biashara, na kwenye la nne akalitumia kwa kile ambacho benki inamwongezea mteja, kama watu wanavyosema kila siku, bila kuona kwamba ni mambo mawili. Sikio lake lilikuwa limezoea.

"Hili shimo nimelichimba mimi," akasema. "Wewe uliliona, ukalifunika majani."

Kesho yake alitaka twende kwa Mama Pindo. Nilimsihi aende peke yake. Nilisema nina mazoezi ya shule, nikasema na kichwa kinaniuma.

"Mimi naenda kueleza neno," Shangazi akajibu. "Wewe unakwenda kueleza dakika."

Mama Pindo alituona mlangoni na mguu wake ukasimama juu ya kanyagio la cherehani. Nilimwamkia, kisha nikasema yote kwa pumzi moja: kwamba yule mtoto wa miaka kumi na mitatu ni mimi, kwamba sikumaliza kwa dakika arobaini wala kwa siku arobaini, na kwamba na mimi nilipata laki moja na elfu tisini.

"Siku tisa, binti yangu," akasema polepole. "Siku tisa nimejiita mjinga ndani ya nyumba yangu mwenyewe."

Hakufoka. Angefoka ningepumua. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na sketi yangu yenye pindo jipya. Niliomba radhi, na sauti haikutoka vizuri, nikarudia.

Shangazi akavuta kiti. Akaeleza kwamba ukiweka fedha benki, benki inazitumia kwa shughuli zake, kwa hiyo ni yenyewe inayokulipa wewe, na malipo hayo yana jina lake: riba. Mama Pindo akainamisha kichwa, akafikiri.

"Yaani mimi ndiye mwenye cherehani," akasema, "na benki ndiyo iliyoikodi." Akachukua chaki ya kukatia, akaandika juu ya meza laki mbili na elfu kumi. "Sasa mbona hamkuandika hivyo tangu mwanzo?"

Shangazi akatoa daftari akaandika hivyo hivyo, cherehani na kukodi. Siku zilizofuata tulijaribu masomo yaliyobaki sote wawili, mimi na Mama Pindo, kwenye meza ya kukatia. Somo la tano peke yake nilichora maduara kumi na moja, na kila moja lilinichoma. Kurasa mpya zilipelekwa kwa wote thelathini pamoja na barua ya Shangazi ya kuomba radhi, na mkuu wa kituo akakubali kungoja. Ishirini na sita wakaleta mazoezi.

Mwishoni mwa mwaka Mama Pindo alikuja kwetu na cheti chake. Kiwanda kilikuwa kimeshamwita. Mama alimpigia vigelegele, kaka akaleta kiti kizuri, na mimi nikabaki nimeegemea mlango, sina uso wa kumtazama. Shangazi aliliona hilo, akaniita nikae karibu.

"Kuuliza si ujinga, hilo umelisikia tangu chekechea," akaniambia. "Ongeza na hili. Usichokijua, ukikificha, hakipotei. Kinahamia kwa mwenzako usiyemwona."

Mwenzangu huyo nilikuwa namwona sasa. Alikuwa amekaa mbele yangu, ameshika cheti chake kwa mikono miwili.