Nilikubali Kuwa Mimi Ndiye Niliyeunguza Kioo

Nina miaka hamsini na sita sasa. Naishi Bweri, hapa Musoma, na wajukuu wawili wa marehemu mdogo wangu wa kike. Sijawahi kuolewa. Watu wakiniulizaga sababu huwa nacheka, nageuza mazungumzo... Leo nimechoka kucheka. Ndugu wasomaji, naomba mnisikilize.

Kwetu ni upande wa Majita, watu wa ziwani, samaki na muhogo. Baba alipata kazi kwenye kiwanda cha nguo mjini, tukahamia Mwisenge nikiwa mdogo. Maisha hayakuwa mabaya. Kisha zikaja zile enzi za ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa sabuni, mitumba na redio, lakini viwanda vikaanza kufunga milango kimoja kimoja. Baba akapunguzwa. Siku hiyo alirudi mchana, akakaa nje kwenye stuli, akavua viatu vyake vya kazi. Hakuvivaa tena.

Mzigo wote ukanijia mimi, Nyangeta, binti wa kwanza.

Bahati nilikuwa na kazi. Kulikuwa na mradi wa kuchora ramani za vijiji vya mwambao, na mimi nilikuwa mchoraji. Tulichora kwa kalamu na wino: njia, visima, mialo wanakoshushia samaki wavuvi. Mshahara wangu ndio uliotulisha, ndio uliomsomesha mdogo wangu Masatu sekondari.

Siku moja wafadhili wakaleta mashine ya kuchorea ramani. Haikuwa kama zile kompyuta za kuchapia barua! Kioo chake cha kuonyeshea picha peke yake watu wawili walikibeba kwa shida, kikubwa kama sanduku la mwanafunzi wa bweni. Wakachaguliwa wawili wa kujifunza: mimi na Wambura.

Wambura alikuwa kijana wa Butiama, wa familia yenye ng'ombe, mrefu, mwenye maneno matamu. Ningejuaje?

Kile kioo cha kwanza kilipasuka siku ya kuhamishiwa chumba kipya. Tukaletewa kingine kutoka Dar es Salaam, kilichokwisha kutumika. Tukakiunganisha... loo! Picha ikawa inakimbia kwenda juu, inajikunja kama shuka kwenye upepo, na kila kitu kijani. Ramani ya ziwa haikuonekana, palionekana majani matupu.

Fundi wa wafadhili alitueleza kwa simu. Mashine ni lazima iambiwe umbo la picha inayotuma: mistari mingapi, na picha irudiwe mara ngapi kwa sekunde. Tena kuna mapigo yanayokiongoza kioo kijue mstari unaanzia wapi na picha inaishia wapi. Kioo chetu kile kilitaka mapigo hayo yapite pamoja na rangi ya kijani, kwenye waya uleule. Mapigo yakipotea, picha haisimami.

Tulihangaika mimi na Wambura, mabega yakigusana, kitabu cha maelekezo mapajani mwangu. Naandika amri, anaangalia kioo. Anaandika, naangalia. Hatimaye picha ikatetemeka, ikatulia tuli! Mwambao wote ukaonekana, kutoka Musoma hadi pande za Bunda. Tulipiga kelele mpaka mhasibu akaja kuchungulia. Wambura akanishika mkono, na hakuuachia.

Hapo ndipo mapenzi yetu yalipoanza. Baada ya msimu mmoja wa mvua alikuja nyumbani na wajomba zake. Baba akacheka kwa mara ya kwanza tangu apunguzwe. Akasema mkwe huyu ana adabu, ng'ombe watazungumzwa baada ya mavuno.

Fundi alikuwa ametuonya jambo moja: msikilazimishe kioo hicho. Kuna maumbo makubwa ya picha ambayo mashine inaweza kuyatuma lakini kioo hakiwezi kuyabeba. Mkizidisha, kitaungua.

Basi wakaja wageni wakubwa kuukagua mradi. Ilisemekana wakiridhika, Wambura atafanywa mkuu wa kitengo. Wageni walikuwa bado wanakunywa soda ofisini kwa meneja. Sisi wawili tulikuwa chumbani tunaandaa. Wambura akaitazama ramani, akasonya.

"Hii picha ni hafifu. Nataka waone mpaka mitumbwi."

"Wambura, iache," nikamwambia. "Hicho kioo hakiwezi."

"Wewe Nyangeta una woga sana. Dakika chache tu, wakitoka tunarudisha."

Nikamshika kiwiko. Akanitoa mkono taratibu huku anatabasamu, akaandika ile amri.

Kioo kikapiga mluzi mwembamba... mluzi ambao mpaka leo nikisikia birika likichemka moyo unaruka. Picha ikajikunja katikati, ikawa mstari mmoja, ikazimika. Harufu ya kuungua ikajaa chumba.

Wambura aligeuka rangi. Nilimwona mwanaume yule mrefu akipiga magoti mbele yangu, machozi yanamtoka!

"Mama, niokoe," akasema. "Wewe ni mwanamke, watakuonya tu. Mimi watanifukuza leo hii. Nikifukuzwa nitakuoa na nini? Sema ni wewe. Nakuapia kwa Mungu, ukianguka nitakubeba."

Nyayo za meneja na wageni zilikuwa zinakuja koridoni. Ningefanya nini, ndugu zangu? Nilimpenda! Mlango ulipofunguliwa, mdomo wangu ukasema wenyewe, "Ni mimi, mzee. Nilikosea kupanga picha."

Hawakunionya tu. Wageni walikasirika, meneja akaaibika mbele yao. Kabla ya wiki kuisha nilikuwa nimesaini maelezo ya kukubali kosa, na nimeachishwa kazi kwa uzembe.

Nilimweleza baba kuwa nimefukuzwa na kwa nini. Akasema kwa sauti ndogo, "Ulisoma hesabu mpaka kidato cha nne, mwanangu. Unaunguzaje mashine ya watu?"

Nilitaka kumwambia. Wallahi nilitaka! Lakini nikafikiri, nikimtaja Wambura, baba atamkataa, na ndoa itakufa. Nikasema moyoni, atajua baada ya harusi.

Masatu akarudishwa nyumbani kutoka shule. Mimi nikaanza kukaanga furu na dagaa nje ya nyumba, macho yanauma kwa moshi. Nilizunguka maofisi kuomba kazi. Mji wetu ni mdogo. Kila nilipofika, walishasikia. "Aa, ndiye wewe uliyeunguza ile mashine?" Wakacheka, wakanirudishia vyeti vyangu.

Na Wambura? Mwanzoni alikuja kila Jumapili na mkate na sukari. Akawa mkuu wa kitengo kweli. Kisha akawa anakuja mara moja moja. Kisha akawa na safari nyingi. Mavuno yakapita, wajomba hawakuja kuzungumzia ng'ombe. Yakapita mengine.

Siku moja mwanamke aliyekuwa ananiuzia mafuta ya kukaangia akaniuliza kama nitakwenda Bunda kwenye sherehe. Sherehe ya nani? Akashangaa. "Si Wambura wako anachumbia kule Manyamanyama? Binti wa mwenye mashine za kusaga!"

Niliacha samaki waungue kwenye kikaango.

Nilimfuata kazini, na nguo zangu za moshi. Akanitoa nje haraka, tukasimama nyuma ya tangi la maji. Nikamuuliza kama ni kweli. Akaangalia chini.

"Wazee wa nyumbani wamekataa, Nyangeta. Wanasema hawawezi kutoa ng'ombe kwa mtu aliyefukuzwa kazi kwa uzembe."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Wambura! Uzembe wa nani?"

"Usipaze sauti. Karatasi inasema ni wewe. Mimi ningewaambia nini?"

Ndugu msomaji, umewahi kupigwa na fimbo uliyoichonga mwenyewe? Sikulia. Nilikaa palepale kwenye tope la lile tangi, na yeye akaondoka kurudi kwenye kazi yake.

Kesho yake nilikwenda kwa meneja, nikamwaga yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya yule mzee. Akaniambia, "Binti, ulisema mwenyewe mbele yangu na mbele ya wageni. Leo mchumba amekuacha ndipo unasema ni yeye. Nani atakuamini?" Hata mimi ningekuwa yeye nisingeamini.

Baba alianza kuumwa kifua mwaka huo. Alipozidiwa, nilikaa kando ya kitanda nikamwambia ukweli wote. Lakini nilichelewa. Homa ilikuwa imempanda, alikuwa ananiita kwa jina la mama yangu. Alizikwa Majita akijua bintiye ni mzembe. Hilo ndilo linalonichosha mpaka leo, kuliko Wambura, kuliko kazi. Masatu hakurudi tena shule. Aliingia ziwani na nyavu za watu, na tukikutana tunasalimiana tu.

Miaka imepita mingi. Chuki imenipungua yenyewe, kama homa. Mwaka juzi kwaya yetu ilialikwa kwenye msiba Butiama. Sikujua kumbe ni ukoo wa Wambura. Nilimwona kwa mbali, mvi kichwani, anapokea wageni. Alinipungia mkono. Alinipungia vizuri tu, kama mtu asiye na deni.

Wakati wa chakula, dada mmoja mtu mzima akaniletea maji ya kunawa, akaniangalia kwa furaha. "Shikamoo mama. Baba kaniambia wewe ndiye mama Nyangeta uliyefanya naye kazi mradi wa ramani. Tangu utoto wetu anatusimuliaga jinsi ulivyounguza kile kioo mbele ya wazungu! Tunachekaga hapo nyumbani!"

Alikuwa hana ubaya hata kidogo. Nikamwangalia baba yake kule mbali, nikaelewa. Wambura hadanganyi tena. Ameisimulia hadithi ile mara nyingi hadi ameiamini.

"Mwanangu," nikasema, "sikuwa mimi."

Akacheka, akanimiminia maji mikononi kwa upole. "Jamani mama, mambo ya zamani hayo! Hakuna anayekulaumu."

Nikanawa. Nikala. Tukapanda gari la kwaya tukarudi Musoma.

Wasichana, nawasihi, na wavulana pia. Mpende mtu, mlishe, mfulie, mkopeshe hata nauli. Lakini kosa lake mwachie alibebe mwenyewe. Anayekupenda hatakuomba uchafue jina lako ili la kwake libaki safi. Na kama umeshasema uongo wa namna hiyo, usisubiri harusi, usisubiri mavuno. Nenda leo ukamwambie baba yako, angali anakufahamu kwa jina.