Trekta Iliyopimwa kwa Mguu wa Zenon

Mguu wa Luciana haukufika vizuri kwenye breki ya trekta ya kijiji. Kila mtu alijua, na hakuna aliyefanya kitu.

Trekta ilipoletwa katika kijiji kipya cha ujamaa, njia ya kwenda Chala, aliyeijaribu alikuwa Zenon, mhunzi mwenye mapaja kama magogo. Aliteremka nayo kilima, akakanyaga, ikasimama. Kamati ikapiga makofi. Kisha Zenon akarudi kwenye nyundo zake, na aliyepelekwa kujifunza udereva akawa Luciana, mama yake Dominika, mwanamke mfupi.

"Ndugu mwenyekiti, kiti kiko mbali," Luciana alisema mkutanoni.

"Kiti kiko mbali, au miguu ndiyo mifupi?" alijibu mwenyekiti Gaudensi. Wanaume walicheka mpaka wakashika mbavu. "Trekta imejaribiwa, mama. Nzima!"

Basi Luciana akafunga kipande cha mti juu ya pedali kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Alilima hivyo msimu mzima bila ajali.

Siku ya kuja wageni wa wilaya, Dominika alikuwa akiifuta trekta vumbi kabla ya kwenda shule. Mwenyekiti Gaudensi akaja, akakiona kile kipande cha mti kwenye pedali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ng'oa huo uchafu. Mali ya umma haifungwifungwi kama kidonda."

"Lakini mama alisema..."

"Mwenyekiti ni mimi au mama yako?"

Dominika akaufungua ukanda, kipande cha mti kikaanguka. Alitaka kumwambia mama, lakini kengele ya shule ikalia, akakimbia.

Luciana aliteremka kilima na trekta, wageni wakitazama. Mguu ukakanyaga hewa. Trekta ikaingia korongoni, ikamlalia.

Dominika alilia siku nyingi. "Ni mimi niliyemvunja mama," alimwambia Zenon, aliyekuja kutoboa matundu mapya ili kiti kisogee mbele.

Zenon akaweka nyundo chini. "Ungemwambia, mwanangu, hilo ni kweli. Jambo la hatari halingoji. Lakini kosa kubwa ni letu wazee. Tulipima breki kwa mguu wangu, halafu tukamwambia yeye aendeshe. Chombo kijaribiwe na anayekitumia. Akisema kinamshinda, asikilizwe, asichekwe."

Gaudensi alikuwa amesimama pale pale. Alitazama chini.

Kiti kilisogezwa asubuhi ile ile, kabla jua halijapanda. Lakini Luciana alikuwa amekwisha kukatwa mguu, juu ya goti. Shamba la ulezi la kijiji halikulimwa mwaka ule kwa kukosa dereva. Na Dominika, aliyekuwa darasa la tano, aliacha shule ili amchotee mama yake maji.